Kibofu cha Seremala

Mjimwema, Songea
12 Februari 2023

Kwa dada yangu Emerensiana,

Shikamoo. Najua huko Nakapanya wanakuita Sharifa tangu shemeji Bakili akuoe na kukusilimisha, lakini aliyenibeba mgongoni aliitwa Emerensiana, na jina hilo sitaliacha mpaka mmoja wetu azikwe. Sisi hatujambo. Dorine ametoka kuweka mbolea kwenye mahindi, mgongo unamuuma, na kosa ni langu kama kawaida. Kijana wetu Leo bado anafundisha Mbinga na bado haoi. Karakana inakwenda. Nina vitanda vya kumalizia, jeneza la bibi mmoja wa Lizaboni, na kabati la paroko ambalo anataka liwe na kufuli kila mlango, sijui anaficha nini.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu yako hupokelewa na mjukuu wako Shakila, naye huweka spika hata kama mtu anapiga kueleza jipu la makalio. Hili langu liko jirani kabisa na makalio. Kwa hiyo nimempa Alfani, konda wa basi la Masasi, na jibu umpe huyo huyo.

Dada, nakojoa damu.

Ilianza kabla ya Krismasi. Siku ya kwanza nikasema ni juisi ya rozela niliyokunywa kwenye komunyo ya mtoto wa jirani. Siku ya pili nikasema ni rozela tena, ingawa sikuwa nimekunywa. Haiumi hata kidogo, ndiyo maana nilinyamaza. Ilipofika rangi ya divai ya misa nikaenda hospitali. Wakafikiri kichocho, maana niliwaambia utoto wetu tuliumalizia majini Lituhi, baba alipokuwa mpishi wa misheni. Wakapiga utrasaundi, wakaona kinyama ndani ya kibofu, wakaniandikia niende Dar. Dorine nilimwambia nakwenda kutafuta mashine ya randa.

Huko nikapokewa na Daktari Oliva. Binti, dada! Rika la Leo. Akaniambia, “Baba, lala chali, panua miguu, usijibane.” Mimi, mzee wa kwaya. Akapitisha mpira wenye kamera mahali ambapo tangu nizaliwe vitu vinatoka tu, haviingii. Kwenye runinga nikajiona ndani. Mlikuwa na kitu kimeota kama uyoga kwenye gogo bovu. Akakata kipande, kikapelekwa kupimwa, na majibu yakasema ni saratani.

Anasema nina bahati. Eti imewahiwa. Imeanza kuchimba nyama ya ukuta wa kibofu, lakini haijatoboa kwenda nje. Nikajua sasa atanipa vidonge. Akasema dawa yake ni kutoa kibofu. Si kukikwangua, ni kukitoa chote. Nikamuuliza, “Na mkojo utakaa wapi?” Akasema atachukua kipande cha utumbo akifanye mfereji, mkojo utokee tumboni pembeni ya kitovu, uingie kwenye mfuko unaobandikwa kwenye ngozi. Kuna jingine alilisema ambalo siliandiki.

Nimekataa. Sikuandikii nipate ushauri. Nakuandikia kwa sababu lazima mtu mmoja ajue, na wewe uko mbali. Usimwambie yeyote, hasa Dorine.

Mdogo wako, ambaye kibofu bado ninacho,
Sixbert


Nakapanya
21 Februari 2023

Mdogo wangu Sixbert,

Marahaba. Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Mpunga umeshika vizuri bondeni. Shakila amepata daraja la kwanza kwa umbea na la nne kwa hesabu. Shemeji yako Bakili hajambo, ila wiki jana alivaa kanzu yake safi akaenda kuswali Ijumaa siku ya Alhamisi. Akamkuta mwadhini peke yake anafagia, akamfokea kwa nini waumini hawaji. Tulicheka sana.

Barua yako nimeisomea chooni, nikaona ndiyo mahali pake.

Umesema hutaki ushauri, basi pokea matusi. Wewe ni mpumbavu. Unatengeneza majeneza ya watu miaka yote, unawapima hadi waliokufa kwa homa ya siku moja, halafu mtu mwenye elimu anakuambia “tumewahi”, unamjibu “ahsante, sitaki”. Ungekuwa umeambiwa umechelewa, ungekesha kanisani ukilia upewe hicho kisu. Hicho kibofu unakitunzia nani? Malaika wa kaburini watakuuliza Mola wako ni nani. Hawatakuuliza mkojo wako ulikaa wapi.

Na hilo ulilokataa kuandika nimelijua kabla sijafungua bahasha. Mwanaume hakimbii uhai kwa sababu ya mfuko. Daktari amekuambia kwamba ukikatwa, jogoo huenda asipande tena mtungi. Kweli au si kweli? Sixbert, umepita sitini. Huyo jogoo amefanya kazi yake, ametupatia Leo, mwache apumzike.

Kumwambia Dorine ni kazi ya kinywa chako, mimi sitaigusa. Ila ifanye upesi.

Ningekuja mwenyewe nikupige makofi, lakini barabara ni mbaya.

Dada yako, hata ukiniita kwa jina la ubatizo,
Sharifa


Mjimwema
3 Aprili 2023

Dada Emerensiana,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Mahindi yetu yanachomwa na kila mpita njia. Kabati la paroko limekwisha, na funguo amezichukua zote yeye. Dorine hajambo, ila amekuwa na maneno ya mkato siku hizi. Ukimuuliza chai iko wapi anakujibu, “Kamuulize anayekupikia.” Sijui amekula nini.

Barabara ipi mbaya? Alfani anasema kutoka hapa mpaka kwako ni lami tupu, anasinzia njiani kwa raha. Tafuta uongo mwingine.

Habari yangu ni nzuri. Nilikwenda Lusewa kwa mtaalamu mmoja wa miti shamba. Nyumbani nilisema nakwenda kuangalia magogo. Akanipa mizizi ya kuchemsha, michungu kuliko talaka. Mkojo ukawa wa kijani, halafu kahawia, na sasa ni mweupe kabisa. Damu imekata! Sijaiona tangu katikati ya Machi. Daktari Oliva amenipigia simu mara kadhaa, sijapokea. Nitamwambia nini? Kwamba mzee wa Lusewa asiye na kamera amemshinda?

Nimerudia kuimba besi. Nimeanza hata kunenepa.

Nimepona, wala sijakatwa,
Sixbert


Nakapanya
14 Aprili 2023

Sixbert,

Marahaba. Nimefunga, na mtu aliyefunga hatakiwi kutukana. Subiri Idi.

Sisi wazima. Bakili amefuturu adhuhuri mara mbili wiki hii, akishangaa kwa nini nyumba haijapika.

Sharifa


Nakapanya
25 Aprili 2023

Mdogo wangu,

Idi imepita. Sasa nisikilize, mbwa wewe.

Nimekwenda mwenyewe Tunduru hospitali, nikamuuliza daktari wa pale kama saratani ya kibofu inaweza kuponywa na mizizi. Sikutaja jina lako, nilisema ni mjinga mmoja ninayemfahamu. Akaniambia damu ya ugonjwa huo ina tabia ya kuja na kupotea yenyewe. Ingekatika hata kama huyo mzee angekunywesha maji ya kuoshea sahani. Damu ikikatika kidonda kinabaki kilekile, kinaendelea kuchimba. Akasema, “Mama, mwambie huyo ndugu yako arudi kabla hakijatoka nje.” Nikamwambia si ndugu yangu. Akaniangalia tu.

Hilo neno “tumewahi” uliloambiwa Februari si kitambulisho cha taifa kwamba utakuwa nalo siku zote. Linachacha. Wewe unanenepa na mwenzako ndani naye ananenepa.

Hapa hatujambo. Bakili amepaka chokaa mikorosho yote ya jirani akidhani ni yake. Jirani amefurahi.

Nijibu hata kwa mstari mmoja. Nimechoka kumkimbilia Alfani barabarani kila basi linaposimama, watu wataanza kusema ni bwana wangu.

Sharifa


Hospitali, Songea
3 Juni 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kitandani, mwandiko uvumilie. Kijana wetu Leo amekuja kutoka Mbinga. Dorine yupo hapa pembeni anamenya chungwa, anakuamkia, na anajua kila kitu. Tulia nikueleze.

Jumapili ya Pentekoste kanisa lilijaa hadi nje. Wakati wa masomo nikahisi mkojo. Nikatoka, nikasimama chooni, hakikutoka kitu. Nikajikaza hadi masikio yakaziba. Hakuna hata tone. Nikarudi kwenye mstari wa besi. Otto, yule jirani yetu mwalimu wa kwaya, akanitolea macho kwa kuchelewa. Tukaanza wimbo wa kutoa sadaka. Tumbo la chini likawa gumu kama ubao wa mninga, jasho linanitiririka, na kila nikivuta pumzi ya kuimba ninaona nyota. Tulipofika pale besi inapobaki peke yake, badala ya noti nikapiga ukelele. Ukelele wa ng'ombe, dada. Nikaanguka na vitabu vya nyimbo.

Sasa kumbuka ni Pentekoste. Watu wakadhani Roho Mtakatifu ameshuka. Akina mama wakapiga vigelegele! Mzee mmoja akapiga magoti kando yangu akangoja nianze kunena kwa lugha. Lugha niliyonena nadhani ameisikia na haitarudiwa kanisani. Dorine peke yake ndiye aliyeona damu kwenye suruali yangu, akapasua umati kwa viwiko. Nikabebwa kwenye pikapu ya paroko, nimelazwa kati ya magunia ya mahindi ya sadaka na jogoo aliyefungwa miguu.

Kumbe damu ilikuwa imeganda mabonge na kuziba njia. Nesi akanipitishia mpira, mabonge yakatoka, mkojo ukafuata. Sijawahi kumpenda binadamu kama nilivyompenda yule nesi, na sura yake siikumbuki.

Daktari wa zamu akasoma faili langu kwa sauti mbele ya Dorine. “Huyu si ndiye aliyetakiwa kufanyiwa upasuaji wa kutoa kibofu tangu Februari?” Halafu akaondoka zake, akaniacha.

Dorine akakaa. Akaniuliza, “Tangu lini?”

“Kabla ya Krismasi.”

“Dar hukufuata randa.”

“Hapana.”

“Na Lusewa?”

“Dawa.”

Nilingoja alie au anipige. Akasema, “Mimi nilijua una mwanamke. Unasafiri, unarudi mikono mitupu, unajifungia chooni, umehamia kulala karakana eti mgongo. Nilishamchagua na mwanamke mwenyewe. Yule muuza vitenge wa sokoni. Nimemnunia miezi yote hii, Sixbert. Juzi nimemkanyaga mguu kwa makusudi.”

Nikacheka, mpira ukaniuma, nikalia. Nikamwambia yote, na lile ambalo kwako sikuliandika. Nilimwambia nikitazama ukuta. Akasema, “Hilo tu? Wewe kwako jogoo alikuwa anawika kwa msimu, kama korosho za dada yako.” Halafu naye akageukia dirishani, na mabega yake nikayaona yakitikisika. Sikuthubutu kumgusa.

Aliponigeukia tena, akauinua ule mfuko wa mkojo unaoning'inia hapa kitandani, umejaa damu. Akanionyesha. “Huu ndio unaouogopa? Mbona tayari umeuvaa.”

Wiki ijayo tunakwenda Dar, mimi na yeye. Kijana wetu amempigia Daktari Oliva. Daktari hakunigombeza, na ukimya wake ulinitisha kuliko matusi yako. Amesema watapima upya kwanza. Kama imeshatoka nje ya kibofu, kisu hakitakuwa na maana tena.

Dada, hapa wodini sina la kufanya, nimesoma barua zako zote mfululizo. Shemeji anaswali Ijumaa siku ya Alhamisi. Anasahau Ramadhani. Anapaka chokaa mikorosho ya watu. Na wewe, uliyetembea kwa miguu kutoka Lituhi kuja kumzika mama, unaniambia barabara ya lami ni mbaya. Umenitukana kwa kuficha. Wewe unaficha nini?

Sixbert


Nakapanya
9 Juni 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Alfani nimemngojesha na basi lake, abiria wananisonya, kwa hiyo nitasema haraka.

Siwezi kumwacha Bakili hata kwa siku moja. Ilianza mwaka juzi kwa funguo, ikaja kwa majina ya watoto. Sasa anatoka nyumbani akitafuta nyumbani. Shakila humfuata nyuma hadi achoke, kisha humwambia, “Babu, ni hapa.” Kuna siku alinifungia nje akapiga kelele za mwizi. Majirani walikuja na marungu, wakanikuta nimesimama na ndoo. Nilikuwa nakuandikia vichekesho kwa sababu vilikuwa vichekesho kweli, ukitoa kinachobaki.

Jana jioni alinitazama sana. Akaniuliza, “Wewe binti, una mume?” Nikamwambia, “Ninaye, lakini hana akili.” Akasema, “Achana naye. Mimi nina mikorosho, nitakuoa.” Nikamwambia nitafikiri. Leo asubuhi akauliza tena, nikakubali.

Basi umejua. Sikuandika kwa sababu likishaandikwa linakuwa kweli, na najua unanielewa maana ndiyo tabia yako na wewe.

Nenda ukakatwe. Ukifia mezani nitakuja kukutukana kaburini, lami au si lami. Nimekuombea kwa majina yangu yote mawili, Mungu ajue mwenyewe ni nani aliyepiga hodi.

Mwambie Dorine shikamoo yake nimeipokea, na mguu wa yule muuza vitenge akauombee radhi.

Emerensiana Sharifa


Dar es Salaam
22 Julai 2023

Dada Emerensiana,

Shikamoo. Niko hai. Dorine hajambo, amejifunza mitaa yote ya kuzunguka hospitali na ameshagombana na wauza ndizi watatu. Shemeji umpe salamu, na hongera ya uchumba.

Walinisukuma kwenye siti-skani, nikaingia kama mkate kwenye tanuri. Siku ya majibu Dorine alinishika mkono kwa nguvu hadi pete ikanikata. Daktari Oliva akatazama picha muda mrefu mno, akasema, “Bado iko ndani. Baba, umecheza kamari na umeponea kwenye kona. Usirudie.” Nikamwambia sina kibofu kingine cha kurudia nacho. Hakucheka. Akaweka tarehe.

Asubuhi yenyewe nilivalishwa gauni linaloacha matako wazi. Nikabusu rozari. Mtu wa dawa ya usingizi akaniambia nihesabu. Nilifika nne. Niliamka jua limeshapinduka, koo kavu, na tumbo kama limepitiwa na msumeno wa karakana yangu. Wametoa kibofu, tezi dume, na tezi ndogo za pembeni, ambako saratani hukimbilia kwanza. Nikapeleka mkono taratibu chini, nikakuta vya nje vyote vipo. Nikashukuru kwa hilo kwanza, Mungu anisamehe.

Baada ya hapo utumbo ukagoma. Wanasema ndivyo unavyofanya ukikatwa, unanuna. Sikuruhusiwa chakula mpaka nijambe. Kila asubuhi Daktari Oliva na wanafunzi wake wanazunguka kitanda, watu na elimu zao, wananiuliza kwa heshima zote, “Mzee, umejamba?” Hapana, bado. Wanaandika. Jirani yangu wa kitanda, Daudi, fundi saa wa Lindi aliyefanyiwa kama mimi, yeye alijamba mapema akawa ananiringia na uji wake. Siku yangu ilipofika, ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa. Ukubwa wake, dada, ungedhani ni besi zote za Otto. Wodi nzima ikapiga makofi. Dorine alisimama, akainama kushoto na kulia kama mama wa bwana harusi.

Sasa huo mlango mpya. Uko kulia kwa kitovu. Ni kidude chekundu, kimetuna kama mdomo wa mtoto aliyenyimwa ubwabwa. Kinatoa mkojo muda wote, hakina haya wala mapumziko. Kwa kuwa kinasema bila kupewa nafasi, nimekiita Mwenyekiti. Nesi alitufundisha kukiosha kwa maji, kukausha, kukata tundu la mfuko kwa kipimo chake na kubandika. Mimi nilikata pembeni mara mbili, seremala mzima! Dorine akaninyang'anya mkasi.

Jana majibu ya maabara yalirudi. Zile tezi za pembeni zote safi. Daktari Oliva akasema nitarudi kupimwa kila baada ya miezi kadhaa, lakini kwa leo nyumba imebomolewa na mchwa wake ndani. Hapo ndipo alipocheka. Ana mwanya, kumbe.

Lile jingine limekuwa kama alivyosema. Silalamiki. Nimeandika tu ili usiulize.

Sixbert, mzee wa mfuko


Nakapanya
30 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba, na alhamdulillahi mara elfu. Korosho zimeanza kuanguka. Bakili anaziokota vizuri, mikono yake haijasahau. Tumeoana upya mara kadhaa na ndoa inaendelea vyema.

Sasa nasikia umerudi Mjimwema lakini hutoki. Dorine hakunipigia, mimi ndiye niliyempigia. Nilimnyang'anya Shakila simu na nikazima spika. Nasikia kwaya umeacha. Karakana umefungua mlango nusu. Watu wakija kukuona unasema umelala. Nimemuuliza Dorine unalala wapi, akageuza maneno, “Nzige wamepita huko kwenu?”

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Unalala wapi, Sixbert?

Dada yako


Mjimwema
19 Novemba 2023

Dada Emerensiana,

Shikamoo. Sikukujibu kwa sababu jibu lilikuwa karakana. Nilikuwa nalala kwenye mkeka, katikati ya maranda. Niliogopa mfuko usije ukapasuka kitandani. Nililala chali kama maiti, mkono juu ya Mwenyekiti, nikiamka kila saa kumpapasa. Dorine aliniita mara ya kwanza, ya pili, akaacha kuita. Kwaya niliiacha kwa sababu besi inatoka tumboni, na nilihisi nikivuta pumzi yote kila mtu atasikia plastiki ikilia chini ya shati.

Alhamisi iliyopita ilinyesha ile mvua ya kwanza, mchana. Maji yakaingia karakana, mkeka wangu ukaelea. Dorine akasimama mlangoni na mwavuli. Akasema, “Mlango wa ndani uko wazi. Sikubembelezi tena.” Nikaingia. Mvua inapiga bati, baridi kidogo. Nikajilaza pembeni kabisa kwa mgongo. Akanivuta. Nikasema, “Mfuko.” Akasema, “Nautazama kila siku, unadhani sijui ulipo?” Akalaza kichwa hapa begani. Hatukufanya lolote, usianze. Tulisikiliza mvua tukapitiwa na usingizi, na mimi nikalala ubavu kama mtu.

Nikaamka ndani ya bwawa. Gundi ilikuwa imebanduka. Mimi nimelowa, Dorine amelowa, godoro limelowa hadi chini. Nikaanza kuomba msamaha kama mtoto wa chekechea. Dada, yule mwanamke alikaa kitandani, akajishika gauni, akaanza kucheka. Alicheka hadi akashuka chini sakafuni. “Miaka yote hii,” akasema, “mimi ndiye niliyekuwa naota siku moja utanilowesha.” Sitaeleza zaidi, Shakila anaweza kuipata barua hii.

Asubuhi ya pili jua likatoka. Godoro halikaushwi ndani. Nikasema tulipeleke nyuma ya choo. Dorine akasema nyuma ya choo hakuna jua, akalishika upande wake, akaelekea uani mbele, kwenye njia ya watu wote. Nilipinga hadi mlangoni, nikamsaidia kubeba. Tukaliegemeza kwenye uzio, na ile ramani yake ya manjano ikitazama barabara. Nikaingia ndani kujificha. Halafu nikafikiri: nikijificha watasema ni la Dorine. Nikatoa kiti, nikakaa kando yake.

Mjimwema yote ilipita, dada. Wanafunzi, wauza mkaa, masista wawili. Kila mmoja anasalimu, anatazama godoro, anatazama miti. Muuza vitenge naye akapita, akamwamkia Dorine kwa adabu sana na kuvuta miguu yake mbali. Binti mmoja mdogo akauliza mamaye kwa sauti, “Mama, babu huyu anakojoa kitandani?” Mama akamvuta mkono. Nikamwita arudi. Nikamwambia, “Ndiyo, mjukuu wangu. Niliumwa, wakanitoa kibofu, sasa nakojolea kwenye mfuko, na jana umefunguka.” Akafikiri, akasema, “Pole.” Akaenda zake. Hilo tu! Nilikuwa nimelala kwenye maranda tangu Agosti kwa kuogopa neno hilo.

Kwenye saa nne akapita Otto, mwalimu wa kwaya. Akasalimu, akapita. Nikamwona amefika kwenye kona, akasimama. Akarudi. Akasimama upande ule wa uzio, anashikashika ukingo wa godoro.

“Hili limetokana na ule ugonjwa wako?”

“Ndiyo.”

“Ulianzaje?”

“Damu kwenye mkojo.”

Akatazama viatu vyake. Akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya misumari, “Ilikuwa inauma?”

“Hapana.”

Akarudi kushikashika godoro. Nami nikakumbuka jinsi nilivyonyamaza, nikamuuliza polepole, “Otto. Tangu lini?”

“Tangu Pasaka,” akasema. “Inakuja, inakata. Nilidhani ni joto.”

Nikafungua uzio, nikamwingiza uani, nikapandisha shati, nikamwonyesha Mwenyekiti mchana kweupe. Alikodoa macho. Akauliza kama kinauma, kama naweza kuimba. Nikamwambia sijajaribu. Akaniuliza na lile jingine, kwa kuzungukazunguka sana, nikamjibu bila kuzunguka. Nikamwambia, “Jumatatu alfajiri tunakwenda hospitali mimi na wewe. Lakini leo hii nenda kamwambie mkeo. Sasa hivi, kabla hujakaa.”

Nyumba yake unaijua, ni hii ya pili kutoka kwetu, ukuta wa tofali mbichi. Akaenda, akitembea kama mwenye kiatu kinachobana. Dorine akatoa kiti cha pili, akakaa karibu yangu, tukatega masikio bila aibu. Kimya. Kuku wa jirani, redio ya mtu. Kimya tena. Halafu upande ule ikasikika sufuria ikitupwa sakafuni kwa nguvu zote.

“Amemwambia,” Dorine akasema.

Mdogo wako,
Sixbert